Mkao wa Saba

Karakana ya magitaa ilifunguliwa saa mbili kamili asubuhi, na ilipofika saa mbili na robo Sikio alikuwa ameshakaa kwenye stuli yake karibu na chumba cha vanishi, gitaa la kwanza pajani, kikombe cha chai kikipoa dirishani. Kazi yake ilikuwa kujaribu. Kila gitaa lililotoka kwa mafundi lilipita mikononi mwake kabla ya kutiwa kwenye boksi. Analitia nyuzi sita, anazikaza katika mkao wa kawaida, ule ambao mpiga gitaa yeyote anaujua hata ukimwamsha usingizini, anabana kodi nane zile zile, halafu anaandika kwa penseli herufi moja ndogo ndani ya tundu. Kodi, kwa asiyejua, ni zile sauti nne, tano au sita zinazopigwa kwa mpigo mmoja zikatoka kama kitu kimoja. Miaka kumi na moja Sikio alikuwa akibana hizo hizo nane, na vidole vilikwenda vyenyewe, yeye akiwaza yake.

Siku hizo alikuwa hawazi kitu. Mdogo wake alikuwa amekufa miezi saba nyuma, na tangu hapo Sikio alikuwa amepigwa na ganzi. Tusidanganyane, haikuwa huzuni. Huzuni aliijua, alimzika baba yake akalia mpaka akashikwa na kwikwi. Hii ilikuwa namna nyingine. Chai ya moto ilimuunguza ulimi akaja kujua kesho yake, ngozi ilipobambuka. Wenzake wakisema neno la kuchekesha alicheka nyuma yao, akishaona kwamba wanacheka.

Asubuhi hiyo msimamizi alimletea karatasi. Msimamizi alikuwa mtu mpole, hapigi kelele, wala hajawahi kumtusi mtu. Hata akikuachisha kazi alianza na samahani.

"Samahani, Sikio. Kuna mwalimu wa muziki anataka magitaa saba, kila moja na mkao wake. Kaandika mwenyewe jinsi anavyotaka nyuzi zikae. Mimi hayo siyaelewi."

Sikio akasoma. Mwalimu alikuwa na mwandiko wa ubaoni, mkubwa, ulionyooka. Aliandika kwamba wanafunzi wake wana mikono midogo, na katika mkao wa kawaida zipo kodi ambazo huwezi kuzifikia mpaka uwe na vidole vinane mkono mmoja. Lakini ukilegeza uzi huu na kukaza ule, kodi inapanuka yenyewe: sauti nene inashuka chini kabisa, nyembamba inabaki juu, na kati yao panaachwa wazi. Wimbo ule ule, alisema, unakuwa na mahali pa kupumulia. Chini yake akaorodhesha mikao saba.

"Haya," Sikio akasema. "Magitaa yenyewe?"

"Yapo yale ya stoo," akasema msimamizi, akitazama viatu vyake. "Yale ishirini na sita."

Yalikuwa magitaa mazuri, mbao nzuri, hayana kasoro. Yalikaa stoo miezi saba chini ya turubai na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana karakana nzima ilijua.

Mdogo wake Sikio alikuwa binti aliyeitwa Njiti, kwa wembamba wake. Alikuwa fundi wa vanishi. Sasa vanishi ina kero moja: ikishapulizwa inachukua dakika arobaini kushika, na katika dakika hizo vumbi likiingia, hata chembe, linaganda palepale na kazi yote inarudi kwenye msasa. Na mtu hawezi kuyaacha magitaa peke yake, lazima ayazungushe kwenye ndoano zake yasichuruzike. Kwa hiyo desturi ilikuwa hivi: fundi wa vanishi anaingia, anapuliza, anazungusha, na mlango unafungwa kwa nje ili mpita njia asije akaufungua kuomba koleo. Ufunguo ulikaa kwa Sikio kwa sababu stuli yake ndiyo iliyokuwa karibu. Dakika arobaini zikitimia, anafungua. Miaka yote ilikwenda hivyo.

Jumatano ile Njiti aliingia saa nne na magitaa ishirini na sita. Feni ya kutolea mvuke wa vanishi ilikuwa imekufa wiki nzima, na feni mpya ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya maombi. Sikio akafunga, akatia ufunguo mfukoni. Saa nne na dakika ishirini msimamizi akamwita chumba cha maonyesho. Wamekuja wageni, samahani, wanataka kusikia magitaa. Sikio akaenda akapiga. Wageni wakapenda, wakaomba jingine, wakaomba na la tatu.

Katikati ya hayo akasikia mtu anagonga upande wa pili wa ukuta. Kila mtu karakanani alisikia. Lakini kwenye karakana ya magitaa watu hugonga mbao kutwa kucha. Ndivyo ubao unavyochaguliwa: unaushika kwa vidole viwili, unaugonga, unausikiliza. Anayegonga hana habari na wewe, wala huna sababu ya kugeuka. Sikio alinyamaza kidogo kati ya wimbo na wimbo, akategea, akasema moyoni: huo ubao una sauti, sijui nani kaupata. Kisha akaendelea kupiga. Alirudi saa sita kasorobo.

Jioni hiyo hiyo kulikuwa na karatasi nyingine mezani kwa msimamizi. Ilisema kwamba Njiti aliacha kazi kwa hiari yake Jumatatu, na kwamba Jumatano aliingia chumba cha vanishi bila ruhusa na kujifungia mwenyewe.

"Ikiandikwa vingine," alisema msimamizi, "karakana inafungwa, na watu thelathini na wawili wanakwenda nyumbani. Na wewe, samahani, wewe huendi nyumbani."

Sikio akatia sahihi. Kalamu ilikuwa imeshawekwa mkononi mwake. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo, na yeye ndiye aliyekuwa kaka.

Yaliyofuata yalikuwa ya mtaani. Mtu aliyeacha kazi Jumatatu anatafuta nini kazini Jumatano? Watu wakajijibu. Kwenye msiba wanawake wawili walinyamaza ghafla mama yao alipopita na sinia, na mama hakuwa mtoto, akajua walilokuwa wakilisema. Binti yake kafa akiiba. Tangu hapo, kila Jumapili Sikio alipokwenda kumsalimia, mama alimuuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, hivi kweli mdogo wako aliacha kazi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Basi Sikio akayatoa magitaa saba stoo, akayafuta, akaanza na mkao wa kwanza. Ulikuwa mwepesi: uzi wa sita, ule mnene, unashushwa hatua moja, nyingine zinabaki. Akabana kodi, akapiga. Kwenye tundu ikatoka harufu ya vanishi mbichi. Akaandika herufi yake kwa penseli akachukua gitaa la pili. Hapo uzi wa sita, wa pili na wa kwanza zote zilishushwa hatua moja moja, na alipopiga, mtu akakohoa ndani. Mkao wa nne mtu huyo akasafisha koo. Mkao wa saba ndio uliokuwa mpana kuliko yote: wa sita unashuka hatua mbili nzima, wa tano na wa nne moja moja, wa pili unapandishwa nusu. Katika mkao wa kawaida sauti za kodi hukaa bega kwa bega, kama watu kwenye benchi la zahanati. Hapa zilikaa mbalimbali, na katikati palibaki nafasi. Haikuwa kubwa, lakini mtu mwembamba akijipinda anaenea.

"Kaka," akasema Njiti.

"Naam."

"Umeshakunywa chai?"

"Imepoa."

Sauti ya nyuzi ikafifia, naye akafifia nayo. Sikio akapiga tena. Ndivyo walivyoendelea, maneno machache kwa kila mpigo, kwa sababu kodi haikai hewani zaidi ya kuvuta pumzi mara mbili.

"Na mlango?" Njiti akauliza.

Sikio akautazama mlango wa chumba cha vanishi, hatua nne kutoka alipokaa. Ndani alikuwamo binti mgeni aliyechukua kazi ya Njiti. Ufunguo ulikuwa mfukoni.

"Umefungwa."

"Haya," akasema Njiti. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeambiwa kwamba duka halijafunguliwa, na akaamua kungoja.

Sikio akapiga tena. "Nilikusikia ukigonga," akasema.

"Na mimi nilikusikia ukipiga. Nikasema akimaliza huu atakuja."

"Walitaka na mwingine."

"Ulidhani nini, nilipogonga?"

"Ubao."

"Ubao mzuri?"

"Mzuri sana."

"Ulikuwa mlango," akasema Njiti. "Lakini kweli, una sauti. Sijui kwa nini waliupoteza kwenye mlango."

Sikio alitaka kulia. Alikaa akasubiri kilio kije, kama mtu anayesubiri chafya, na hakikuja. Akalitia gitaa kwenye boksi, akalitoa, akalipiga tena.

Kabla ya chakula cha mchana karakana nzima ilikuwa imepata habari. Hakuna aliyeacha kazi yake kwa hilo. Fundi wa shingo za magitaa, mzee mmoja mtani kupindukia, alikuja na miwani kichwani akainamia tundu.

"Njiti, mjukuu wangu, msasa wangu laini uliniazima hukunirudishia."

Sikio akapiga.

"Niliurudisha, mzee. Umeukalia."

Mzee akaenda akainua mto wa stuli yake, akaukuta msasa pale, umejikunja. Akarudi kusema asante, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu zake, kisha akaendelea kuchonga.

Msimamizi alikuja alasiri, mikono nyuma, akasikiliza mapigo matatu.

"Anasema nini hasa?"

"Anauliza mlango."

"Majina hataji?"

"Bado."

"Samahani," akasema msimamizi, "yumo kwenye yote ishirini na sita?"

"Nimejaribu tisa. Yumo."

Kesho yake zikaletwa stika ndogo nyekundu zilizoandikwa USISHUSHE UZI WA SITA, zikabandikwa kwenye vichwa vya magitaa kumi na tisa yaliyobaki. Yale saba yalikuwa ya mwalimu, na mwalimu alikuwa ameandika mwenyewe anavyotaka nyuzi zikae, basi ikabidi yaende yalivyo.

Mwalimu wa muziki alikuja kuyachukua Ijumaa. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, anatembea haraka, chaki kwenye mkono wa blauzi. Alijaribu moja moja palepale karakanani, na alipofika la saba akasikiliza mpaka sauti ikaisha.

"Huyu aliyemo ni nani?"

"Mdogo wangu," akasema Sikio.

"Ana sauti tulivu. Anabaki humu, au huwa mnamtoa kabla ya kuuza?"

"Anabaki."

"Vizuri. Wanangu wanahitaji mtu wa kuwatulizia mapigo, wanakimbiakimbia mno." Akafunga boksi, kisha akalifungua tena kidogo. "Amesema afunguliwe. Afunguliwe nini?"

Sikio akamwambia hajui. Mwalimu akamtazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, akabeba magitaa yake akaondoka.

Watoto walimpenda Njiti. Alikuwa anawahesabia mapigo, anawaambia kidole gani kimelegea. Lakini kila kipindi, ikifika dakika ya arobaini, aliacha kuhesabu akaanza kuomba afunguliwe, na watoto wakazoea kwenda kuufungua mlango wa darasa ili anyamaze. Mwalimu akavumilia wiki mbili. Wiki ya tatu akaandika barua, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, akaipeleka ofisi ya kazi.

Mkaguzi alikuja Jumanne na faili na chupa ya maji. Hakuwa mtu wa papara. Akaketi ofisini kwa msimamizi, akaomba gitaa moja na mtu wa kulipiga. Wakamwita Sikio. Stika ikabanduliwa, nyuzi zikawekwa mkao wa saba.

"Jina lako?" mkaguzi akaliuliza gitaa.

Sikio akapiga. Njiti akataja jina lake kamili, mpaka la babu.

"Uliacha kazi Jumatatu?"

"Hapana. Jumatatu nilipiga mkono wa kwanza wa vanishi. Jumatano nikapiga wa pili."

Mkaguzi akaandika. "Una kitambulisho cha kazi?"

"Kiko mfuko wa aproni, kushoto."

Aproni ilitafutwa, haikuonekana. Msimamizi alisema samahani, nguo kuukuu huchomwa kila mwisho wa mwezi. Mkaguzi akaandika na hilo. Akanywa maji kidogo.

"Tatizo langu ni moja," akasema. "Maelezo haya yanaeleweka, na binti anajibu vizuri. Lakini kwenye fomu yangu hakuna mahali pa shahidi aliyemo ndani ya ala ya muziki. Nahitaji mmoja aliye nje. Mmoja tu ananitosha." Akapekua faili, akatoa karatasi, akaigeuza upande wa Sikio. "Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Bado unasimama nayo?"

Msimamizi alikuwa akitazama viatu vyake. Nje, fundi mmoja alikuwa anagonga ubao. Sikio alikuwa bado ameibana kodi, vidole vimekaa mahali pake, na alijua kabisa kwamba ni neno moja tu analotakiwa kulisema, tena neno fupi, na mama angeweza kupita kwenye msiba wowote na sinia lake bila watu kunyamaza. Alilitafuta mdomoni. Hakuona pa kuanzia. Hata hofu hakuisikia. Angeisikia hofu labda ingemsukuma upande mmoja au mwingine.

"Ndivyo ilivyoandikwa," akasema.

"Piga tena," mkaguzi akasema, "nimwulize na yeye."

Sikio akapiga. Sauti ilitoka safi, nene chini, nyembamba juu, na katikati palikuwa kimya. Akapiga mara ya pili. Njiti hakusema kitu. Mkaguzi akangoja mpaka nyuzi zikatulia, akaandika kwamba maelezo ya gitaa yamepokelewa na kuhifadhiwa, kwamba shahidi wa nje amethibitisha maelezo ya awali, akafunga faili. Mlangoni akageuka akasema lile gitaa ni zuri, na kama yanauzwa angependa kujua.

Habari ilimfikia mama siku ya nne, kupitia kwa mzazi wa mmoja wa wanafunzi. Jumapili Sikio alipobisha hodi, mama alikuwa kwenye cherehani, anapindia sare ya mtu, na hakuinua kichwa.

"Mwanangu, nasikia mdogo wako yumo kwenye gitaa."

"Yumo, mama."

"Tangu lini?"

"Mwezi na ushee."

"Na kila Jumapili unakaa hapo, unakunywa chai yangu, unanyamaza."

Mama akakata uzi kwa meno. "Kalete."

Akaenda akaleta gitaa moja la stoo, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na alipofika mama alikuwa amebadilisha kitenge na kujifunga kilemba, kama mtu anayepokea mgeni. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua likiingia mpaka miguu ya kitanda. Sikio akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka nyuzi, akabana, akapiga.

"Mama," akasema Njiti. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Mama akairudia mara mbili, marahaba, marahaba. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Aliendelea kupindia ile sare huku yanadondoka kwenye kitambaa. "Humo unakaaje?"

"Pamebana kidogo. Kaka akiweka hivi napata nafasi."

Waliongea ya kwao. Mama alimweleza nani kaolewa, nani kahama, na kwamba gauni lake la rangi ya maziwa kampa binamu yake, asichukie. Njiti alisema lilikuwa linambana kwapani hata hivyo. Kidole kidogo cha Sikio kilianza kukakamaa, akakinyoosha kati ya mpigo na mpigo, akarudisha. Ilipita kama robo saa hivi.

"Njiti," mama akasema, "watu wanasema uliingia mle kuiba."

Sikio akapiga.

"Niliingia kazini, mama. Na hata ningekuwa mwizi, ningetoka vipi na gitaa, mlango umefungwa kwa nje?"

Mguu wa mama ukasimama kwenye pedali ya cherehani. "Kwa nje?"

"Kwa nje."

"Nani aliufunga?"

Sikio alipiga, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkaguzi mdogo wake alinyamaza mpigo mzima. Sauti ikaisha. Angeweza kuacha hapo. Angeweza kusema uzi umekatika, au kidole kinauma, na kidole kweli kilikuwa kinauma. Akapiga tena.

"Upepo, mama," akasema Njiti.

"Upepo."

"Ulivuma tu."

Mama alikijua chumba kile. Alikwenda kukiona siku Njiti alipoanza kazi, akalalamika kwamba hakina dirisha hata la kupitisha paka. Na ufunguo aliujua pia. Siku Sikio alipokabidhiwa ufunguo huo alikuja mbio kumwonyesha, na mama akauweka kiganjani, akasema ni mzito, akasema sasa wanakuamini. Mama akainua kichwa akamtazama mwanawe wa kiume, kwa mara ya kwanza siku hiyo, usoni, kisha mikononi, ile mikono iliyokuwa imebana kodi ikingoja.

Mwanga wa jua ukapanda kutoka miguu ya kitanda mpaka kwenye shuka.

"Basi ulikuwa upepo," mama akasema. Mguu ukarudi kwenye pedali. "Nieleze, na hao watoto wa shule wanapiga vizuri?"

Kesho yake Jumatatu Sikio alifika kazini saa mbili, akatia nyuzi, akabana kodi nane. Saa nne binti mgeni akaja na magitaa kumi na nne kwenye toroli, akamwambia, "Shikamoo kaka, mimi naingia." Feni mpya bado iko kwenye karatasi ya maombi, siku hizi ikiwa na muhuri. Sikio akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Wageni wakija huitwa chumba cha maonyesho, na akiitwa huenda. Yale magitaa ya stoo yamekwisha yote, isipokuwa lile lililobaki kwa mama. Msimamizi aligundua kwamba watu wanayaulizia, akabandua stika, akasema samahani ilikuwa haina haja. Moja alilichukua mkaguzi. Mtaani mama aliwaambia majirani kwamba binti yake alikuwa kazini, mlango ulifungwa na upepo, na majirani wakasema pole, na wakiachana naye wakaendelea kusema walichokuwa wakisema, kwa kuwa kilichoandikwa ni kile kile.

Sikio huenda kila Jumapili, saa kumi. Siku hizi chai haiwekwi, na tangu alasiri ile mama hajamwita mwanangu. Anapobisha, mama humfungulia akarudi kwenye cherehani bila kumtazama, naye hukaa ukingoni mwa kitanda akaweka mkao wa saba. Mama na Njiti hupiga soga mpaka giza liingie, wanacheka, wanabishana juu ya pindo za watu, na yeye hubana kodi na kupiga, kubana na kupiga, kwa sababu akiacha maneno yao yanakatika. Jumapili moja alihisi kitu kinampanda kifuani, akadhani sasa ndiyo kile kilio kinakuja. Akangoja, huku mkono ukipiga.

"Njiti," mama akasema, "mwambie mpigaji uzi wa pili umelegea."

"Kaka," akasema Njiti, "mama anasema uzi wa pili umelegea."

Sikio akaukaza.